Bibi Harusi wa Skrini Tisa

"Kutoka hapa fuata waya," alisema mwenye bodaboda. "Ukipotea, inua macho."

Alinishusha Munje, penye mkorosho uliopakana na shamba la mihogo, akageuza pikipiki na kurudi Msambweni kabla sijamwuliza waya gani. Nikainua macho. Waya wa buluu, wa intaneti, ulipita juu ya tawi, umefungwa kwa kamba ya usumba, ukaruka hadi kwenye mnazi, ukaingia dirisha la nyumba moja na kutokea dirisha la pili kama uliopita kusalimia tu, kisha ukaendelea na safari yake. Nimewahi kuelekezwa njia kwa misikiti, kwa baa, kwa makaburi, na katika mji mmoja wa ugenini, kwa mbwa aliyelala. Kwa waya ilikuwa mara ya kwanza.

Kompyuta yangu nilikuwa nimeifunga ndani ya khanga. Siku mbili nyuma, huko Galu, iliogeshwa na wimbi ambalo halikuwa kwenye ratiba yangu. Mpokea wageni wa hoteli niliyofikia aliitazama akatikisa kichwa. "Pole, dada. Diani nzima watakwambia ununue nyingine. Nenda Munje kwa Mbeyu."

Waya ulikoma kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe. Mlangoni palikuwa na viatu vya kike vya kutosha kufungulia duka, na ndani vicheko na harufu ya pilau. Nikapiga hodi.

"Karibu, vua viatu! Wewe ni wa upande wa bwana au wa bibi?"

"Si wa upande wowote. Nimeleta kompyuta."

Kikazuka kicheko kilichotikisa bati. Aliyenikaribisha alikuwa Kadzo, jirani, mama mnene wa kutoka Kinango mwenye msalaba mdogo shingoni. Aligeuka akapaza sauti kuelekea chumbani: "Mbeyu! Hata siku ya kuolewa wanakuletea maiti!"

Bibi harusi akatoka. Alikuwa na miaka arobaini na sita, hina mbichi hadi kwenye viwiko, jasmini kichwani, na bisibisi nyuma ya sikio.

"Maji gani?"

"Ya bahari."

"Ukaitia kwenye mchele?"

"Nikaitia."

"Mchele ni wa pilau. Tangu lini chumvi ikaogopa mchele? Keti hapa. Mikono yangu leo ni pambo, kwa hiyo utafungua wewe."

Ndivyo nilivyojikuta, msafiri asiyealikwa, nimekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake waliotiwa udi, nafungua skrubu kwa amri ya bibi harusi aliyenyoosha mikono hewani kama mtu anayeomba asipigwe risasi. Ubao wa ndani ulikuwa umeota ukungu wa kijani. Alinifundisha kuusugua kwa spiriti na mswaki wa meno. Nilipokuwa nikisugua, alizungumza, na alipopumzika, Kadzo alimsaidia kuzungumza.

Redio ya kwanza aliifungua akiwa na miaka tisa. Ilikuwa ya baba yake, na baba yake naye akamfungua mgongo kwa bakora. Redio haikupona, lakini yeye alijua tangu siku hiyo kwamba ndani hamkuwa na watu. Alipokuwa mkubwa alifanya kazi ya simu katika hoteli moja ya Galu, miaka kumi na minne ya kusema "karibu" kwa lugha tano. Kompyuta zilipoletwa mapokezi, fundi alitoka Nairobi kuja kuwafundisha. "Alikuwa akisema, 'Hii ni rahisi, mathee, we bonyeza tu.' Nikabonyeza. Baada ya wiki tatu alikuwa akiniuliza mimi."

Mume wa kwanza alikuwa na duka Ukunda. Siku moja alimwambia achague, yeye au kompyuta. "Aliniuliza saa nne asubuhi," alisema Mbeyu. "Saa nne na dakika moja nilikuwa nimekwisha kumjibu."

"Dakika nzima ulikuwa ukifanya nini?" Kadzo akauliza.

"Nilikuwa nazima mashine vizuri. Haifai kuchomoa ghafla."

Kisha ikaja habari ya televisheni. Hoteli ilipobadilisha zake, zile za zamani ziliuzwa rahisi, na watu wa Munje, Galu na hata Funzi wakazichangamkia. Hakuna aliyewaambia kwamba televisheni za hoteli hufungwa kwa kufuli la siri. Sauti haikupanda zaidi ya mnong'ono, na kila ikiwashwa, kioo kiliandika jina la mgeni wa mwisho aliyelala katika chumba hicho. Kwa muda wa miezi mitatu, nusu ya Munje ilikuwa ikilala na wazungu. Kwa imamu wa msikiti kulikuwa na Bwana na Bibi Huber, waliotakiwa fungate njema kila jioni kabla ya taarifa ya habari. Mbeyu alikaa na rimoti wiki nyingi akijaribu vitufe kwa mpangilio huu na ule, akiandika kila jaribio kwenye daftari la shule, mpaka kufuli likaachia. Akazunguka nyumba kwa nyumba akiwafukuza Wajerumani. Zile tisa ambazo wenyewe walikuwa wamekwisha kuzikatia tamaa, akapewa.

Hizo ndizo zilizokuwa ukutani mbele yetu, tatu juu ya tatu juu ya tatu, kwenye fremu ya mbao za mkandaa, kila moja na kibokisi chake cha kupokea picha nyuma na feni ndogo iliyotolewa kwenye kompyuta iliyokufa. Chini kulikuwa na mashine mama, isiyokuwa na kifuniko, iliyojengwa kwa viungo vya mashine sita. Kazi yake ilikuwa kukata picha moja vipande tisa na kukigawia kila kioo kipande chake. Programu ya kufanya hivyo ilikuwa ya bure, ila iliandikwa na watu wasiojua umeme wa Munje, kwa hiyo aliiandika upya nusu yake.

Jaribio la kwanza lilikuwa mechi ya mpira. Vibokisi havikwenda sawa, kimoja kikachelewa nusu sekunde, na bao likaingia kwenye kioo cha sita wakati kwenye kioo cha tano mpira bado ulikuwa miguuni. Watu walitoka hapo wakiwa hawasemezani. Jaribio la pili umeme ulikatika. Jaribio la tatu ndipo alipotokea Sefu, fundi wa injini za mashua za Funzi, aliyefiwa na mkewe miaka miwili kabla, amebeba begani betri ya lori.

"Wengine huleta khanga," alisema Kadzo.

"Khanga haiwashi kitu," alisema Mbeyu, na kwa mara ya kwanza alitazama chini.

Adhana ya alasiri haikuwa mbali aliposikika mtu akikohoa nje. Wanawake wakajifunika. Alikuwa Shutu, kaka mkubwa wa Mbeyu na walii wake, kwa kuwa baba yao alikwisha kufariki. Alisimama mlangoni na mashahidi wawili, kanzu yake imenyooshwa hadi inakata.

"Mbeyu, Sefu anataka kukuoa. Unakubali nikuoze?"

"Nakubali, kaka. Kwa mahari niliyosema. Kompyuta mpya, ya dukani, ambayo plastiki yake nitaifungua mimi."

Shutu aliangalia mashahidi, kisha akaangalia viatu vyake. "Si useme tu kwamba umekubali?"

"Bikira ndiye anayenyamaza ikahesabiwa amekubali. Mimi nina mdomo, na sheria inataka niutumie. Sefu amekubali. Wewe umesikia?"

"Nimesikia," akasema Shutu, akaondoka akiwa amekaza shingo.

Mbeyu alinigeukia. Hina ilikuwa imekauka sasa, akachukua mswaki mkononi mwangu akasugua mwenyewe, taratibu. "Maisha yangu yote nimetumia mabaki ya watu. Simu ya mtu, televisheni ya mtu, keibodi yenye makombo ya biskuti ya mtu. Hata mume wa kwanza nilimpata mtumba. Nataka kitu kimoja kilichoanzia kwangu."

Kisha akanieleza skrini zingewashwa leo kwa ajili ya nini. Nikahi hufungwa msikitini, kati ya wanaume. Bibi harusi hukaa nyumbani na wenzake, akingoja mtu aje mbio kumwambia kwamba ameolewa. Mbeyu aliolewa mara ya kwanza kwa kuambiwa, na hakupenda. Safari hii alikwenda kwa imamu akamwomba aruhusu simu ya Mbeyu iwekwe kwenye dirisha la msikiti, itume picha hadi nyumbani kupitia antena mbili alizotengeneza kwa makopo ya maziwa. Imamu alifikiri sana, labda akawakumbuka akina Huber, akasema: "Sawa, mwanangu. Sisi mtuone na mtusikie. Lakini kutoka kwenu kusije picha, wala sauti, wala kikohozi. Mtambo wako usiseme neno ndani ya msikiti." Mbeyu akaapa.

Swala ilipokwisha alibonyeza kitufe, na ukuta mzima ukajaa wanaume.

Lo! Nimekaa katika majumba ya sinema ya miji mikubwa. Sijaona watazamaji kama wale. Shutu alikuwa amekaa mbele, kichwa kwenye kioo cha tatu, ndevu kwenye cha sita.

"Tumbo lake limekula vioo viwili peke yake!" alisema Kadzo.

"Mwone mume wangu! Amelala!"

"Wako amelala, wangu anachokonoa pua. Mbeyu, huwezi kumtoa kile kioo?"

"Kumbe ndiyo ibada yenyewe hii? Miaka yote wanarudi wanatwambia wamechoka."

"Nyamazeni," alisema Mbeyu. "Na mkumbuke, picha inachelewa sekunde kumi. Tunayoyaona yamekwisha kupita."

Sefu alionekana katikati, mwembamba, kofia mpya, mikono juu ya magoti kama mtoto anayepigwa picha ya shule. Wanawake wakaguna kwa huruma. Imamu akatoa hotuba fupi juu ya subira ya mume, na sehemu hiyo ukumbi wetu ukataka irudiwe. Kisha akafungua kitabu cha vyeti vya ndoa, akamgeukia Shutu.

"Bibi harusi ameridhia?"

"Ameridhia, tumemsikia."

"Na mahari ni nini, niandike?"

Shutu alimeza mate. Tuliliona koo lake likishuka kutoka kioo kimoja hadi kingine.

"Kitanda," akasema. "Kitanda cha futi sita, godoro lake, na kabati la milango mitatu."

Wanawake wote walimgeukia Mbeyu.

"Kitanda?" Mbeyu alisema polepole. "Nani amelala chini hapa?"

"Ameona haya," alisema Kadzo. "Ataje kompyuta mbele ya wanaume wote wale? Si watamwuliza kama dada yake anaolewa au anafungua ofisi."

"Aone haya kwa kitu chake. Mahari ni yangu. Yakiandikwa kitanda, nitalala na kitanda hicho kwenye karatasi mpaka nife."

Kwenye ukuta, Sefu aliinua kichwa. Alimtazama Shutu, kisha imamu, kisha akageuka akatazama dirishani, moja kwa moja ndani ya simu, macho yake yamegawanyika na mstari mweusi wa kati ya vioo viwili. Alifumba mdomo. Akaufumbua. Akaufumba tena.

"Sema, baba!" wanawake wakapiga kelele. "Sema, una ulimi!"

"Hasikii," alisema Mbeyu.

Lakini angeweza kusikia, na Mbeyu ndiye aliyejua. Kidole chake kilichopakwa hina kilikuwa kimekwisha kufika juu ya kitufe kimoja cha keibodi. Akikibonyeza, simu ile dirishani ingenena kwa sauti yake, katikati ya msikiti, mbele ya Shutu na mashahidi na waliolala. Kadzo alikiona kidole.

"Bonyeza, mwanamke! Unangoja nini?"

Mbeyu alitazama kitufe kwa muda ambao ulionekana mrefu kuliko ndoa yake ya kwanza. Kisha akaondoa mkono.

"Niliapa mtambo hautasema," alisema. "Miguu sikuiapia."

Akasimama. Akavuta buibui lake kwenye msumari, akalivaa juu ya hariri na jasmini.

"Bibi harusi hatoki!" alipiga kelele shangazi mmoja kutoka jikoni. "Mbeyu, utatuaibisha!"

"Siingii msikitini, shangazi. Nitasimama nje ya dirisha niseme neno moja, mbele ya mashahidi, kama inavyotaka sheria. Tena si neno la kuficha." Akanigeukia, akanirudishia mswaki. "Wewe mgeni, keti karibu na mashine. Usiguse kitu. Kioo cha saba kikizima, kipige ubavuni, lakini kwa adabu."

Alitoka. Kupitia mlango tulimwona akivuka ua, akivaa kiatu kimoja huku akitembea, hina ya miguuni ikiingia vumbi.

Kwenye ukuta, imamu alikuwa amefungua kifuniko cha kalamu na kuinama juu ya kitabu. Ndipo mkono mwembamba ukaingia kutoka kioo cha kati, ukapita mstari mweusi, ukatua bapa juu ya ukurasa.

"Samahani, imamu," alisema Sefu. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilifika. "Si kitanda. Ni kompyuta. Mpya. Tulikubaliana yeye na mimi."

Kichwa cha Shutu kiliteremka taratibu kutoka kioo cha tatu hadi cha sita. Chumba kililipuka kwa vigelegele. Kadzo alinipiga bega hadi mswaki ukaniruka mkononi, kisha akakumbuka, akakimbilia mlangoni akaweka mikono mdomoni.

"Mbeyu! Mbeyu we! Rudi! Amesema!"

Alikuwa amekwisha kufika kwenye mihogo. Vigelegele vilikuwa nyuma yake, na pengine alidhani tunamtia moyo. Alikusanya buibui kwa mkono mmoja, akaongeza mwendo.