Tarumbeta za Makumira

Mchana ule tulikuwa kanisani Makumira, kwenye mazoezi ya nyimbo za mavuno. Nilikuwa msichana wa kwaya. Kaka yangu Elisaria alikuwa Burma, ndani ya sare ya Mwingereza. Wamisionari wetu Wajerumani walikuwa wamechukuliwa kwa lori vita vilipoanza, wakatuachia tarumbeta zao na wasiwasi wa serikali.

Serikali iliamini kwamba Mlutheri akipuliza tarumbeta huku mlimani Meru, adui anapata habari. Basi ikatuletea mpelelezi. Aliitwa Salumu, mtu wa Tabora, akajitambulisha kuwa mnunuzi wa ndizi. Tulimjua mapema. Hakuweza kutofautisha ndizi za kupika na za pombe, na akisalimiwa alikakamaa kama yuko kwenye gwaride. Mama alimwonea huruma, akawa anampa maziwa.

"Mtoto wa watu," alisema. "Kusikiliza Kimeru kutwa nzima na hukijui, kunachosha."

Ili asipitwe na neno, Salumu akajiunga na wapiga tarumbeta. Kumbe alikuwa na pumzi za fahali! Mwalimu Ndewirwa, kiongozi wetu, akampa tarumbeta kubwa kuliko zote.

Hiyo ndiyo aliyokuwa akiipuliza, macho ameyafumba, askari walipoingia na bunduki.

"Kaeni chini!"

Tukakaa.

Mwalimu alibaki amesimama. "Afande, mnatukamata kwa sheria gani?"

"Sheria ya vita."

"Naomba kuiona."

Alipigwa kitako cha bunduki mdomoni. Nilisikia jino likianguka sakafuni.

Salumu akainuka, tarumbeta bado imemning'inia begani. "Jamani, mimi mwenzenu! Niko kazini!"

"Leo kila mtu ni mwenzetu," askari alisema, akamfunga kamba moja na Mwalimu.

Bomani mambo yakawa magumu zaidi kwake. Bwana mkubwa aliyemtuma alikuwa likizo Ulaya, na kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ya siri, hakuna mwingine aliyemjua. Mwalimu aliachiwa kwanza.

Salumu alipotoka alikuja kwetu amekonda, akamwamkia Mama.

"Shikamoo, mama. Niliomba kupelekwa kwa hakimu. Wakanicheka."

"Marahaba. Na sisi ulituombea hakimu?"

Akainamia kibuyu chake cha maziwa. Alirudi kwao Tabora, na tarumbeta, zilizochukuliwa na askari, hatukuziona tena.

Kabla mvua hazijaanza, mjumbe wa Mangi, chifu wetu, akaleta habari kwamba Elisaria ameuawa Burma. Alisema amekufa akipigania uhuru. Mama alikwenda kukaa kwenye kitanda cha kaka.

Siku hizo watu wengi hawakuruhusiwa kukusanyika bila kibali, hata kwa msiba. Mwalimu, na pengo lake, alishuka Arusha kutuombea. Tulilia kwa zamu, wachache wachache, majirani wakingoja nje ya ua.

Kibali kilifika matanga yakiwa yameshaanuliwa. Kilituruhusu kumlilia mpaka saa kumi na mbili jioni.