Mfuko wa Gunia Kifuani

"Wezi kumi na wawili, na wote mmewavalisha koti la mdogo wangu! Halafu unaniambia ni mchezo tu?"

Fundi wa mavazi alikuwa amesimama mlangoni kwa muongozaji, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Muongozaji hakuinua hata macho kutoka kwenye simu.

"Mama, si umelishona wewe mwenyewe?"

Hapo akamkata maini, kwa sababu ni kweli.

Mchezo wenyewe ni ule wa televisheni wa Mfagiaji, yule bwana wa kitambaa cheusi usoni anayezunguka mitaani na nondo kila Jumatano. Humo polisi wamelala, hakimu amekula rushwa, na yeye peke yake ndiye mwenye uchungu na nchi. Akishamvunja mtu, anafuta nondo yake taratibu na kusema, "Mtaa umefagiwa." Watoto wa chekechea walikuwa wanalisema hilo wakitoka chooni.

Fundi alikuwa na mwaka wa pili akiushonea mchezo huo. Nguo ya mtu wa kupigwa hushonwa mara tatu: moja nzima, moja ya kuchanika, moja ya damu. Na kitambaa kipya lazima kizeeshwe, kilowekwe kwenye chai ya rangi, kisuguliwe na tofali. Sasa Jumatatu moja akaambiwa saa tatu asubuhi kwamba nguo za mwizi zinatakiwa saa sita. Chai gani ichemke hapo? Akakumbuka koti alilomshonea mdogo wake, mnunuzi wa vyuma chakavu, lenye mfuko wa gunia kifuani. Wanunuzi wa vyuma wote wanavaa mfuko huo, maana misumari hutoboa kitambaa cha kawaida. Akashona jingine la mfano huo huo, mfuko na vyote, maana gunia halihitaji kuzeeshwa.

Muongozaji alipiga makofi. "Hii ndiyo! Mtu akiuona mfuko tu, keshamjua mwizi." Fundi akavimba kichwa, akaletewa na soda. Tangu siku hiyo kila mwizi akawa na mfuko wa gunia.

Mdogo wake akaanza kukuta mageti yamefungwa. Wanawake waliokuwa wakimwita achukue masufuria yaliyotoboka sasa walikuwa wanaanua nguo wakimwona. Mwisho wa yote, mchana kweupe, kwenye kona ya kinyozi, mtu akapiga kelele, "Mtaa ufagiwe!" Mdogo wake alirudi nyumbani vidole viwili vimevunjika na gurudumu la mkokoteni limepinda. Waliompiga wala hawakuwa wahuni. Mmojawapo alikuwa kinyozi mwenyewe, aproni bado kiunoni.

"Dada, tuliona mfuko," kinyozi alimwambia Fundi, akikung'uta kitana ambacho hakikuwa na nywele. "Sura hatukuiangalia."

"Sura umeinyoa miaka sita!"

Ndiyo maana Fundi alikuwa pale mlangoni, na hakuwa na mpango wa kuondoka. Vidole vingepona; lakini mtu wa vyuma asiyeweza kupita mtaani atakula nini?

"Utoeni huo mfuko, bosi. Au wekeni hata mmoja mwema. Mmoja tu!"

"Mdhamini anaupenda. Watu wanataka kuona uchafu unaondoka, mama."

"Huo uchafu una dada yake, na ndiye anayekushonea."

Muongozaji akajikuna shingo. "Haya. Nitakuwekea mmoja mwema. Nishonee, kama kawaida, matatu."

Akashona matatu. Kwa furaha aliyokuwa nayo, hakujiuliza mtu mwema koti la damu la nini.

Jumatano akamkalisha mdogo wake mbele ya televisheni, mkono umefungwa bendeji. Kweli mtu mwema akatokea. Akamsalimia bibi mmoja, akamrudishia pochi aliyoikuta ndani ya birika bovu.

"Huyo sasa ndiye mimi," mdogo wake akasema, akasogeza kiti.

Haikupita dakika. Mfagiaji akachomoza kwenye kona, akauona mfuko, nondo ikashuka. Alipogundua bibi anampungia mikono amwache, alikuwa ameshamaliza. Akafuta nondo. "Usafi una gharama zake." Ngoma zikalia, na kule kwa kinyozi watu wakapiga makofi hadi yakasikika ndani.

Mdogo wake akazima televisheni. Alijua siku nyingi koti limetoka wapi. Mshono wa dada yake angeutambua amefumba macho. Hakuwahi kulitamka, na siku hiyo pia hakulitamka.

"Dada, mkokoteni nimeuuza. Kesho naanza kufyatua matofali. Kule wanatoa ovaroli."

"Kwa vidole hivyo?"

"Vinane vipo." Akaingiza mkono wa kushoto, ule mzima, mfukoni, akatoa noti zilizokunjwakunjwa. "Hela ya kunishonea lile koti. Tangu mwaka juzi sijakulipa."

"We mtoto una wazimu? Nani amekudai? Rudisha mfukoni!"

"Chukua, dada. Sitaki kesho waseme hata dada yangu nilimwibia."

Fundi, ambaye hata mtu wa kodi hajawahi kumshinda mdomo, akafungua kiganja. Mdogo wake akazihesabia humo moja moja, kwa ule mkono wa kushoto, na zilikuwa kamili.