Karani Aliyejifunza Kukataa

Saa tatu asubuhi, mizani ya kituo kimoja cha majani chai karibu na Nyacheki haipumziki. Persis Nyangate, karani wa miaka 34, anatia mkono ndani ya gunia, anapapasa hadi chini, kisha anamsogelea mwenye gunia na kumnong'oneza. Mzee anacheka, anaenda kando kuchambua.

"Zamani ningempigia kelele," asema Persis. "Nilidhani karani mkali ndiye karani mzuri."

Ukali huo nusura umponze. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na Persis alijikwaa ulimi mchana kweupe. Machi mwaka jana, Mama Jacinta Kerubo, mjane wa miaka 67, alileta majani magumu, yaliyokomaa, ambayo kiwanda hakiyapokei. Karani akapaza sauti: "Mama, haya ni majani ama ni kuni?"

Foleni ikaangua kicheko. Maskini Persis, hakutazama aliyesimama nyuma! Alikuwa Onchiri, mume wa binti wa Jacinta. Na kwa Wakisii, mkwe na mama mkwe hustahiana hata katika kusalimiana. Jacinta alibeba gunia lake, akaondoka.

Kesho yake ukoo mzima wa Jacinta ukapeleka majani kwingine. Kilo zikashuka kutoka 1,800 kwa siku hadi 700. Meneja akampa Persis wiki mbili: wakulima warudi, au yeye aende nyumbani. Mshahara wake wa shilingi 19,000 ndio unaosomesha watoto wawili.

Jumapili alienda kwa Jacinta kuomba msamaha.

"Majani yalikuwa mabaya, sikatai," mama akamjibu. "Lakini ulinivua nguo mbele ya mkwe wangu."

Hata hivyo, Jumatatu Jacinta akaja, na Onchiri yumo kwenye foleni. Persis akapapasa gunia. Lo! Chini, magumu tena. Akiyapitisha, kiwanda kitarudisha lori zima. Akiropoka, kazi imeisha.

"Niliogopa kweli," akumbuka. Akainama, akasema kwa sauti ya chini: "Mama, ya juu ni safi kabisa. Ya chini yamekomaa. Tuyatoe pamoja pale kando?"

Wakatoa kilo tatu. Kisha Jacinta mwenyewe akaigeukia foleni: "Karani amekataa kilo zangu tatu! Na nyinyi chambueni zenu!"

Ukoo ulirudi wiki hiyo hiyo. Sasa Persis ameomba nafasi ya kuwafunza makarani wapya wa vituo kumi na vinne, na hana shaka ataipata. "Kazi naijua," asema, "na makosa yake nayajua."

Jacinta hafurahii mpango huo hata kidogo. "Wakimpeleka huko," anauliza, "nani atabaki hapa wa kunikataa vizuri?"