Jiwe na Mkufunzi wa Kweli

Kwenye ghala lile la vigae kulikuwa na kazi moja isiyoandikwa kwenye mkataba wa mtu yeyote, nayo ni kukaa nyuma ya foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Bosi alikuwa amenunua mashine kuukuu, tena ndogo, kwa sababu ilikuwa rahisi, halafu akawa anaagiza vigae vilivyopangwa juu ya paleti za mbao, nzito nzito, kwa sababu hivyo navyo ni rahisi. Meno mawili ya chuma yakishaingia chini ya paleti na dereva akianza kunyanyua, mzigo unabaki pale pale sakafuni, na tairi za nyuma za mashine ndizo zinazopanda hewani. Sasa hapo ufanye nini? Mwenye akili zake angepunguza maboksi. Wao walikuwa wanamwita Jiwe.

Jiwe alikuwa kuli, mnene kuliko makuli wote, mtu wa kujaza mlango. Akiitwa anakuja taratibu, anashika nguzo za paa la mashine, anajipandisha juu ya kile kitako cha chuma cha nyuma, na tairi zinarudi chini. Dereva anaondoka na mzigo wake, na Jiwe kule nyuma anapunga mkono kushoto na kulia kama waziri. Watu wanacheka mpaka basi. Na ili asikonde, madereva walikuwa wanamchangia sahani ya pili kila mchana. "Kula, Jiwe, kula baba," wanambembeleza, "ukikonda wewe, sisi tutabebaje?" Jamani! Mtu ananeneshwa kama dume la kuchinjwa, na yeye anaona anapendwa.

Aliyekuwa hacheki ni msimamizi wa ghala, mwanamke mkavu wa maneno, ambaye mume wake ni kaka mkubwa wa Jiwe. Ndiye aliyemuombea kazi ile. Alipoolewa alimkuta shemeji yake huyo analala kwenye kochi la sebuleni, na mpaka leo analala kwenye kochi la sebuleni, ila sasa kochi limebonyea katikati na wageni wakija wanakalia pembeni. Alimpenda kama mtu anavyompenda mdogo wake wa tumbo moja, yaani kwa kumgombeza asubuhi na jioni.

"Shemeji," alikuwa anamwambia, "ile mashine siku ikilala ubavu, wewe ndiye utakuwa chini yake."

"Basi nitafutie nafasi ya kukaa mbele," Jiwe anamjibu. "Nifundishwe. Huku nyuma nimeshaona kila kitu."

Alikuwa anasema huku anacheka, lakini hakuwa na utani. Hiyo ndiyo ndoto pekee aliyokuwa nayo: kukaa kwenye kile kiti, kushika ule usukani, kuitwa dereva. Dereva anapanga chumba chake. Dereva anapeleka posa na anasikilizwa. Kuli wa kukaa nyuma, nani atampa binti yake?

Sasa siku moja watu wa bima wakaja kukagua. Wakauliza madereva wamesomea wapi. Madereva wakatazamana. Kipara, dereva mkubwa pale, akasema yeye alifundishwa na mwenzake, na mwenzake alifundishwa na marehemu fulani. Watu wa bima wakaandika, wakafunga mafaili yao, wakasema hakuna bima mpaka wote wafundishwe na mkufunzi anayetambulika. Wakapanda gari lao, wakaondoka bila hata kunywa maji.

Bosi akamwita msimamizi ofisini. "Mama, tafuta mkufunzi. Yeyote yule, bora liende."

"Nitatafuta," akasema. "Ila na Jiwe aingie darasani."

Bosi akacheka, akatazama dirishani, akafikiri. Hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa, alikuwa mbaya wa mazoea. "Haya. Kipara anastaafu mwisho wa mwaka. Jiwe akipata cheti, kiti kile ni chake."

Jioni ile msimamizi alimpa Jiwe habari wakiwa jikoni. Jiwe alitoka nje, akakaa barazani, na alipoingia tena macho yalikuwa mekundu. "Lakini unitafutie wa kweli, shemeji," akasema. "Sitaki cheti cha kuchekwa." Mume akadakia kutoka chumbani, "Umesikia? Wa kweli!"

Basi mama wa watu akaanza kutafuta. Kama unadhani ni kazi ndogo, jaribu. Wa kwanza alielekezwa na ghala la jirani, la saruji, waliloshirikiana nalo ukuta. Walimwita Profesa. Ofisi yake ilikuwa juu ya saluni, ngazi zinanuka dawa ya nywele, na ukutani kulikuwa na picha yake akiwa ameegemea foklifti mpya kabisa, viatu vinameta. Msimamizi akamuuliza swali moja tu: mashine ikianza kupinduka, dereva afanye nini?

"Aruke haraka sana!" Profesa akasema. "Roho kwanza, mama."

Msimamizi alimjua mtu aliyeruka. Kwenye kazi yake ya zamani kulikuwa na dereva aliyeruka, na paa la mashine likamfuata likamkuta. Akamtazama Profesa, akauliza mafunzo yenyewe yanachukua muda gani.

"Wewe nitumie majina tu. Wao wenyewe wa nini?" Alipoona mama amenuna, akashusha sauti, "Kwani dada yangu, unataka vyeti au unataka maswali?"

Msimamizi akateremka zile ngazi akiongea peke yake. Wa pili alikuwa dereva mstaafu, anajua mashine kama kiganja chake, lakini cha kumruhusu kufundisha hana, halafu akajisifu kwamba enzi zake alikuwa anapandisha watu wanne nyuma na mzigo unakwenda. Wa tatu hakupokea simu, na wa nne akapokea, akasema anafundisha kwa njia ya simu. Kwa njia ya simu! Hata kumtukana hakuweza, alikata tu.

Aliyempata mwisho alikuwa mwanamke, mfupi, wa makamo, mikono ya kazi, aliyeendesha mashine bandarini miaka mingi kabla ya kusomea ukufunzi. Alitoa karatasi zake kabla hajaombwa, akasema, "Usiniamini mimi. Wapigie walionisajili." Msimamizi akapiga, wakamwambia ndiyo, ni wao waliomsajili. Ndipo akauliza swali lake.

"Abaki kitini," mkufunzi akajibu, "mkanda umefungwa, ashike usukani, akaze miguu, aegemee upande wa pili. Anayeruka ndiye anayezikwa." Halafu yeye naye akauliza, "Na kwenu wapo wanaokaa nyuma?"

Msimamizi akaona aibu. "Yupo."

"Siku nikianza, ndiyo siku ya mwisho kupanda. Mkikataa, sianzi."

Weee! Alitaka kumkumbatia. Alirudi kazini moyo mweupe, akijiona amemtua shemeji yake kutoka pale nyuma na amemkalisha mbele, vyote kwa mkupuo mmoja.

Mafunzo yakaanza. Jiwe alikuwa wa kwanza kufika kila asubuhi, shati limepigwa pasi, amekaa benchi la mbele. Madereva wengine walikuja kwa shingo upande, hasa Kipara, ambaye hakuona sababu ya kufundishwa na mwanamke kitu alichokifanya tangu ujana. Mkufunzi hakubishana naye. Alichora mashine ubaoni, akawaonyesha uzito unavyoegemea, na kwa nini mtu asisimame karibu na mzigo unaopanda. Alipofika kwenye habari ya kukaa nyuma, alisema waziwazi kwamba mtu si chuma. Chuma kimefungwa kwa nati, mtu ameshikilia kwa vidole. Jiwe akatikisa kichwa kama anaambiwa habari za mtu mwingine. Jaribio la maswali alilipita. Alirudi nyumbani siku hiyo akimpigia kaka yake saluti mlangoni.

Kisha ikaja siku ya kuendesha. Uani kulikuwa na koni zimepangwa, paleti tupu mbili, na madereva wamejipanga kivulini. Jiwe akaitwa. Akapanda kwa upande, akajisukuma, akakaa. Tumbo likagusa usukani, lakini akakaa. Uso wake ulikuwa umechanua kiasi kwamba msimamizi, aliyesimama mlangoni, alijikuta na yeye anatabasamu peke yake.

"Funga mkanda," mkufunzi akasema.

Jiwe akavuta mkanda. Haukufika. Akavuta tena, akabana pumzi. "Vuta ndani, Jiwe!" madereva wakapiga kelele, wawili wakaenda kumsaidia, mmoja anasukuma tumbo, mwingine anavuta mkanda, vicheko kama vya harusini. Haukufika. Kipara akaleta kamba. Mkufunzi akaichukua ile kamba mkononi mwake, akaiweka chini.

"Shuka, mwanangu," akasema. "Bila mkanda siwashi mashine."

Vicheko vikakatika. Jiwe alishuka polepole, akaangalia kile kiti, akasema, "Lakini mimi sijaendesha bado." Alisema hivyo tu.

Mkufunzi alikwenda mwenyewe kwa bosi. Alimwambia viti vinavyofaa uzito ule vipo, na mikanda mirefu ya kiwandani ipo. Waagize, naye atarudi kumpima kijana. Bosi akauliza, "Kwa kuli mmoja?" Mazungumzo yakaishia hapo.

Na hapa ndipo msimamizi alipofanya kitu ambacho hakuwahi kumsimulia mtu. Alimfuata mkufunzi getini, akamshika mkono. "Dada, muandikie tu. Maswali si alipata? Atapunguza mwili, nakuapia. Muandikie."

Mkufunzi akamuuliza, bila hasira: "Uliponiuliza lile swali lako, ulitaka nikujibu nini?"

Msimamizi akauachia ule mkono. Wewe ungejibu nini?

Kilichofuata kinajulikana. Kukaa nyuma kumepigwa marufuku, paleti zinapunguzwa maboksi, watu wa bima wameridhika. Bosi akamtazama Jiwe akihema na maboksi mawili begani, akaona huyu sasa wa nini? Akamwachisha kazi kabla mwezi haujaisha. Wale wale waliomlisha sahani ya pili, waliomwita baba, hakuna aliyefungua mdomo. Kipara aliyepata cheti alimpigapiga Jiwe bega, akasema ndiyo maisha. Ndiyo maisha! Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakulishi kwanza akakuita baba.

Nyumbani nako kukawaka. "Ulikuwa unatafuta mwalimu," mume akauliza, "au ulikuwa unatafuta wa kumfukuza mdogo wangu?" Alisahau, au alijisahaulisha, nani aliyepiga kelele kutoka chumbani kwamba awe wa kweli. Mama mkwe akapiga simu, hakumsalimia, akasema kikulacho ki nguoni mwako, akakata. Yule Profesa, wakasema, angempa cheti siku ile ile. Na ni kweli, angempa.

Jiwe mwenyewe hakulaumu. Ingekuwa afadhali angelaumu. Aliacha kula usiku, akawa anasogeza sahani na kusema ameshiba, na kochi linalia usiku kucha anavyojigeuza. Halafu ghafla akarudia kula. Akawa anatoka asubuhi mapema, anarudi na vumbi la kijivu kwenye kope, anaulizwa anasema ni vibarua vya hapa na pale.

Msimamizi aliliona lile vumbi akalijua. Mchana mmoja akatoka kazini, akazunguka ukuta, akaingia uani kwa watu wa saruji. Walikuwa na mashine mbovu kuliko ya kwao, inatoa moshi mweusi, na madereva wote wana vyeti vya Profesa. Na juu ya kitako cha nyuma, miguu inaning'inia, sahani ya chakula mapajani, amekaa shemeji yake.

"Shuka," akamwambia. "Shuka hapo, twende nyumbani."

Jiwe akatazama kulia na kushoto kama mwanafunzi aliyefuatwa na mama yake shuleni. "Shemeji, taratibu. Msimamizi wa huku atasikia."

"Asikie! Nina maneno naye. Nitamwambia hawa madereva wake hawajui kitu, nitawaita watu wa bima, nitamleta mkufunzi..."

"Nakuomba." Aliweka sahani pembeni. Hakuwa anacheka. "Ukimtafutia na huyu mkufunzi, mimi nitakwenda wapi?"

Mwanamke yule akasogea ubavuni mwa mashine, karibu na paleti. Alitaka kumwambia atamtafutia kazi nyingine, lakini alikuwa ameshatafuta na Jiwe alijua hivyo. Alitaka kumwambia wamtoroke bosi, wamtoroke mume, wamtoroke kila mtu. Upuuzi. Dereva alipiga honi, hana habari nao, akaingiza meno chini ya paleti ya saruji. Mashine ikanguruma, mbele ikazama, nyuma ikaanza kupanda, ikamkuta Jiwe, ikarudi chini. Saruji ikanyanyuka ikitikisika, ikapita kichwa cha dereva, na bado inapanda.

Jiwe alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili. Alimwona shemeji yake amesimama karibu na mzigo, na uso ukambadilika kwa hofu.

"Sogea kando, shemeji!" akapiga kelele. "Mkufunzi alisema mtu asisimame hapo!"

Akasogea.