Nilipanga jiko la kisiwa kama la lodge, Mama yangu akawa anakunywa chai bila sukari

Wakuu, heshima zenu. Hapa Karatu ukungu umekaa mpaka dirishani, niko off, nina kikombe cha chai mkononi na koti sijavua. Nyuzi za ujenzi humu nimezisoma miaka bila kuchangia hata neno. Leo zamu yangu.

Yote yametokea nyumbani kwangu. Pale nilipokosea mimi, nitasema nilikosea mimi.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "mwanaume mzima unaongelea masinki". Subiri kidogo mkuu. Mimi ni mpishi kwenye lodge moja huko juu, ukingoni mwa kreta. Masinki ndiyo yananilisha.

Kazi yetu ni wiki sita juu, wiki mbili nyumbani. Kwa miaka yote hiyo nikipika kwenye jiko la wazungu nilikuwa na ndoto moja tu: na mimi siku moja niwe na jiko lenye kisiwa. Kwa wasiojua, ni ile meza nzito ya kujengewa katikati ya jiko, unaizunguka pande zote, chini yake makabati. Sinki linabaki dirishani, jiko la gesi ukuta wa pili, wewe mpishi unageuka tu.

Fundi wangu, Bura, alikuwa hajawahi kujenga kitu kama hicho. Kitu pekee cha tofali alichowahi kujenga katikati ya chumba ni altare ya kanisa la kigango chao. Basi na mimi akanijengea hivyohivyo, kirefu, kinene, na ngazi moja mbele. Ngazi nilimwambia aivunje. Katekista wetu alipokuja kuona nyumba akaniuliza mishumaa nitaweka upande gani.

Kosa la pili lilikuwa langu. Nilipima nafasi kati ya sinki na kisiwa kwa hatua zangu nikasahau kwamba milango ya makabati nayo inafunguka. Ukifungua wa chini ya sinki na wa kisiwa kwa pamoja, inapigana kama mbuzi. Mnaojenga, lizingatieni hilo kabla tofali halijalala.

Nyumba ikaisha, nikaingia kwenye kupanga. Hapo ndipo niliposhikwa na wazimu.

Lodge tuna kanuni: kila kitu na nyumba yake, kila nyumba na jina lake. Nikanunua makopo meupe ya plastiki, yote saizi moja, rangi moja. Sukari humo, chumvi humo, magadi, unga, majani ya chai, sabuni ya unga, vyote humo. Kisha nikachapa lebo kwa herufi kubwa, nikazipitisha kwenye laminesheni, nikabandika kwenye makopo na kwenye kila mlango. CHUMVI NA VIUNGO. NAFAKA. VYOMBO SAFI. USAFI.

Ukiingia ukatazama, ni weupe mtupu na milango imefungwa, hakuna kijiko kinachoning'inia. Mke wangu Paulina ni mwalimu wa shule ya msingi, lebo zilimfurahisha kuliko hata marumaru. Nikapiga picha nikamtumia chef wangu. Akajibu kwa dole gumba. Wakuu, nililala vizuri siku hiyo.

Sasa nije kwa Mama.

Mama yangu aliishi Mbulumbulu, kwenye shamba letu la ngano na maharage. Baba alifariki miaka mingi iliyopita, ndugu zangu wametawanyika. Mwaka jana Mama aliteleza kwenye tope akaumia nyonga, akakaa ndani siku mbili kabla jirani hajagundua. Niliposikia, niliamua. Mama atazeekea kwangu. Nyumba ile kwa kweli niliijenga kubwa kwa ajili hiyo, na chumba chake nilikiweka karibu na jiko kwa makusudi, maana Mama na jiko ni mtu na pumzi yake.

Akaja. Wiki ya kwanza nilikuwa nyumbani, tulikaa kama wageni wa harusi. Nikapanda zangu kazini nikiwa na amani.

Niliporudi baada ya wiki sita nikakuta mambo siyaelewi.

Mama alikuwa anaosha vyombo nje. Sinki liko ndani, maji yapo, yeye kajitafutia beseni, kakaa kwenye kigoda kwenye upepo ule wa mwezi wa saba unaoujua kama umewahi kuishi huku. Vyombo vikikauka anavileta ndani, anaviacha juu ya kisiwa, Paulina akitoka shule ndiye anavipanga.

Nikimwambia, "Mama, sinki hili hapa," ananijibu nje kuna mwanga mzuri.

Chakula cha mchana hapiki. Anamsubiri Paulina saa tisa. Na chai anakunywa kavu, bila sukari. Mama yangu huyu, ambaye sukari kwake ilikuwa vijiko vitatu na cha nne cha bahati. Aliniambia ameacha, sukari haifai kwa watu wa umri wake.

Nikaanza kuhisi vibaya. Nikasema hapa kuna vita baridi ya mkwe na mama mkwe. Nikambana Paulina chumbani, nikamuuliza amemfanya nini Mama. Paulina akasema na yeye alikuwa anasubiri nirudi aniulize Mama amechukia nini. Hatukuongea vizuri siku mbili. Wakuu, mkeo anaponyamaza kwa jambo asilolifanya, hiyo nyumba inakuwa na baridi kuliko nje.

Ikafika Jumamosi, jumuiya ya kanisa inasali kwetu. Mama akafufuka. Akasema makande ya jumuiya atapika yeye, mtu asimsaidie. Nilifurahi sana, nikajua sasa yamekwisha.

Watu wakaja, kama ishirini hivi, sebule ikajaa. Tukasali, neno likasomwa. Nikasikia kitu kinalia kwenye gesi, nikaingia jikoni.

Sufuria lilikuwa linatoa povu. Siyo povu la maharage. Lilikuwa povu jeupe, limepanda, limemwagika kwenye jiko, linateremka kwenye kabati. Mama amesimama kando na mwiko, hajui ashike nini.

Kumbe alitaka magadi ya kulainishia mahindi. Akachukua kopo la sabuni. Mtauliza hakusikia harufu? Sisi wapishi hatupendi sabuni yenye harufu kwenye vyombo, kwa hiyo ile yangu hainuki kitu, na ukiitazama ni unga wa kijivujivu, ndugu mmoja na magadi yaliyotwangwa. Nilikuwa nimeviweka vyote viwili chini ya sinki, makopo pacha, eti kwa sababu vyote ni "vya unga".

Akina mama wakaingia kuchungulia. Mmoja akatania kwamba leo makande yamebatizwa, watu wakacheka. Ni utani wa kawaida, hata Mama alijaribu kutabasamu.

Mimi ndiye niliyeharibu. Mbele ya watu wote wale nikasema, "Mama, mbona imeandikwa pale?"

Akafuta mikono kwenye kanga, akaenda chumbani kwake. Makande tukayamwaga, jumuiya ikanywa chai na mkate.

Kesho yake asubuhi, Paulina ametangulia misa ya kwanza, namkuta Mama amekaa sebuleni. Amevaa vizuri, kilemba kipya, na pembeni ya miguu yake begi la shangazi kaja limefungwa zipu. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba anarudi Mbulumbulu, maharage yanahitaji mtu.

Nikamuuliza nani amemkosea. Akasema hakuna. Nikataja jina la mke wangu. Akanikatiza, akasema Paulina ni mtoto wake, nisithubutu kumsingizia.

Kisha akanyanyuka, akachechemea mpaka jikoni, akasimama mbele ya kisiwa changu.

"Jana uliniambia imeandikwa," alisema. "Haya, nisomee."

Wakuu, Mama yangu hajui kusoma.

Na mimi nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningekuwa sijui ningejitetea. Mimi ndiye niliyekuwa namsomea barua za kaka yangu nikiwa darasa la tatu, tumekaa kwenye gogo, ananiambia nirudie pale alipopapenda. Nyimbo za kanisani anaziimba zote kwa kichwa, kitabu amekishika kwa heshima tu. Nilijua. Ila siku nabandika zile lebo nilikuwa nampangia chef, siyo Mama.

Nikaanza kusoma. CHUMVI NA VIUNGO. NAFAKA. Nikaenda mlango wa tatu, VYOMBO SAFI. Wa nne sikuusoma. Nilichuchumaa pale mbele ya kabati la USAFI nikalia, mtu mzima, mpishi wa watu.

Ndipo akaniambia kwamba kila alipotaka sukari ilibidi afungue milango tisa na kuonja makopo yote kwa ncha ya kidole, na aliona aibu Paulina asije akamkuta anadokoa kama mwizi; na jana, watu wamejaa, hakuthubutu kuonja. Vyombo alikuwa anaosha nje kwa sababu hajui virudi wapi, na hakutaka kuvuruga nyumba ya mtu.

"Kwangu chumvi naichukua nimefumba macho," akasema. "Hapa kwako nimefumbua na siioni."

Nikamwomba asiondoke. Nikamwambia jiko ni lake, alipange anavyotaka, mimi nitakuwa kibarua. Akasema atanipa siku tatu, shangazi kaja libaki limefungwa.

Wakuu, hizo siku tatu nilijifunza kuliko chuo cha hoteli.

Kwanza alinifanya nitoe kila kitu, nikitandaze sakafuni. Kisha akaanza kufanya kazi hewani: anasimama sinki, anajifanya anaosha, anageuka. Mkono wake ulipofika kwenye kisiwa akasema sahani zikae hapo. Kweli kabisa. Upande wa kisiwa unaotazama sinki ndio nyumba ya vyombo, maana anayeosha hapigi hata hatua moja. Mimi nilikuwa nimeviweka upande wa pili kwa sababu vilipendeza kwenye picha.

Upande unaotazama gesi ukawa wa nafaka na viungo. Chini ya sinki akakataa chochote kinacholiwa kisikae, hata kwa dakika. Sabuni peke yake, na ndani ya mfuko wake uleule wa dukani, mtu akiuona ajue.

Milango iliyokuwa inapigana akasema ya upande wa kisiwa ing'olewe yote. Akashona pazia la kanga. Ugomvi ukaisha, na ukivuta pazia unaona kila sufuria lilipo.

Makopo meupe akayakataa moja kwa moja. Tukatafuta chupa za kioo, zile za asali na za siagi ya karanga, yaliyomo yanaonekana. Sukari na chumvi bado zilifanana kidogo, kwa hiyo chumvi akaifunga shingoni kipande cha shuka jekundu, na magadi akayaweka kwenye kibuyu chake alichotoka nacho Mbulumbulu.

Nje nilikuwa na kichanja cha miti cha kuanikia vyombo. Akataka kidogo cha namna hiyo ndani, kando ya sinki, chini ya dirisha. Bura alikuja akakitengeneza kwa mbao, maji yanadondokea kwenye sinki lenyewe. Mwisho wa kisiwa akapunguza kimo pawe na meza fupi, Mama anakaa kwenye kigoda anachambua maharage huku anaongea na anayepika.

Lebo nilizibandua mwenyewe kwa maji ya moto. Zimeacha alama za gundi, sijazifuta.

Paulina nilimwomba radhi siku hiyohiyo aliporudi misa. Alinisamehe, lakini hadi leo nikianza kulalamika chochote ananiuliza imeandikwa wapi.

Siku ya tatu ikapita, ya nne ikapita. Hakuna aliyetaja safari. Ya tano nikaona nguo zake zimeanikwa kwenye kamba, na lile shangazi kaja limejazwa mahindi ya mbegu.

Nikapanda kazini wiki sita. Nimeshuka juzi. Nimefika mchana nina njaa, Mama yuko jikoni ana kikombe cha chai, sukari imejaa mpaka inasikika anapokoroga. Nikajikaangia mayai mawili, nikataka chumvi. Nikafungua huku, nikavuta pazia kule. Amehamisha tena kila kitu. Nimezunguka kile kisiwa mara mbili, nikasimama.

Nikamuuliza chumvi iko wapi.

"Kaa chini," alisema. "Nitakupa."

Nikakaa, wakuu. Sijawahi kukaa mahali pazuri kama pale.

Funzo nililolipata: kabla hujapanga jiko, muulize anayelitumia mkono wake unaenda wapi, kisha weka kitu palepale. Kisiwa kizuri siyo kile kinachopendeza kwenye picha. Na ukiwa na mzazi ndani, usimwambie imeandikwa.

Wenye masinki dirishani na visiwa katikati, nyie mmepangaje? Mnaoishi na wazee, nani anaamua chumvi ikae wapi? Nipeni uzoefu, na mafundi nisahihisheni kuhusu ile nafasi ya milango. Ila mkitaka picha za ndani ya makabati mtasubiri, mpaka nimuombe ruhusa mwenye jiko.