Komeo wa Wodi ya Damu

Ndugu wa wagonjwa walimwita Komeo, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kwa miaka kumi na moja mhudumu huyu alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango wa wodi ya damu, beseni la maji ya sabuni kulia kwake, boksi la barakoa kushoto. Ndani walilala watu ambao dawa za saratani zilikuwa zimedhoofisha uboho wao, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Damu yao ilikuwa imekosa askari. Mafua ambayo mtu mzima wa afya huyapangusa kwa leso na kuendelea na kazi, wao yaliweza kuwamaliza kwa wiki moja.

Ukaguzi wake alikuwa ameutunga mwenyewe. "Fungua mdomo. Geuza viganja. Pandisha mikono ya nguo. Nyumbani nani anaumwa?" Aliyekohoa alirudishwa. Aliyesema anakohoa kwa sababu ya vumbi alirudishwa na maneno juu.

"Vumbi siku hizi lina homa?"

"Una roho ya kutu, wewe mama!"

"Kutu haiambukizi. Kaa benchi lile."

Aliyemchukia kuliko wote alikuwa mke wa mchomeleaji wa vyuma, mgonjwa wa kitanda cha nne. Mke huyo alikuwa fundi cherehani, na vidole vyake havikukosa matundu ya sindano. Mara ya kwanza Komeo alimrudisha kwa kidole kilichotunga usaha. Mara ya pili yalikuwa mafua. Mara ya tatu vilikuwa vipele vya homa kwenye mdomo.

"Kwako hivyo vitakauka baada ya siku tano," Komeo alimwambia. "Kwake vitashuka kooni, ashindwe hata kumeza mate."

"Siku ya kumi na nane leo sijamgusa mume wangu. Unamlinda, au amekuoa?"

"Angenioa, ningemchagulia mke mwenza msafi."

Watu wa benchini walicheka. Mke wa mchomeleaji hakusahau kicheko kile.

Mama wa mchomeleaji, kwa upande wake, alipita kila siku. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, anayemwita Komeo "mwanangu" na kumuuliza kama miguu bado inamvimba. Komeo alimtazama mdomo na viganja tu. Kumwambia mama kama huyo apandishe nguo aliona ni kumvunjia heshima, naye kwa muda mrefu alikuwa hajasikia mtu akimwita mwanangu.

Jumanne moja asubuhi mke alifika akiwa amenawa mpaka kwenye viwiko. Hakuomba kuingia.

"Nisikilize. Mama mkwe asipite leo. Ana mkanda wa jeshi ubavuni. Jana nimefua blauzi yake, ina majimaji ya malengelenge."

Komeo alimwangalia juu mpaka chini. "Umekosa kuingia, sasa unataka na mwenzio akose?"

"Mfunue umwone!"

"Nimfunue mama wa watu kwa sababu mkamwana wake hampendi? Nenda kashone."

Wakati huohuo mama mwenyewe alikuja na chupa yake ya maji. Alifungua mdomo, akageuza viganja, akavaa barakoa na kuingia. Mke alipiga kelele hadi mlinzi akaja kumtoa nje ya geti. Komeo alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Mchana mama alipotoka, alikaa benchini akiwa amepinda upande mmoja. "Mwanangu," alisema, "hebu niwekee sawa kitambaa hapa nyuma. Mkono haufiki."

Komeo aliinua blauzi. Kutoka uti wa mgongo hadi chini ya titi ulizunguka ukanda wa malengelenge, mengine yamepasuka, kitambaa kimegandia juu yake.

"Tangu lini hii?"

"Siku ya nne. Inaunguza kama pasi."

"Na mwanao umemshika?"

"Nimemkanda mgongo. Mimi ni mama yake, nisimguse?"

"Utotoni aliugua tetekuwanga?"

"Huyo? Wapi!" Mama alisema kwa fahari. "Wenzake wote waliugua. Yeye nilimkimbiza kwa dada yangu."

Komeo aliishusha blauzi taratibu. Daktari alikuwa amewafundisha wahudumu wote kwamba mkanda wa jeshi na tetekuwanga ni virusi vilevile, na kwamba mgonjwa asiye na kinga akiguswa navyo, dawa hufaa zaidi ikiwahi siku za mwanzo. Vipele vingeweza kukaa wiki mbili kabla ya kujitokeza. Mpaka wakati huo nani angekumbuka aliyepita Jumanne? Korido ilikuwa tupu. Mama alikuwa akifunga vifungo vyake.

Komeo aligonga mlango wa daktari.

"Kuna mtu nimemwingiza ana mkanda wa jeshi. Amemshika wa kitanda cha nne, na mgonjwa huyo hajawahi kuugua tetekuwanga."

Daktari aliweka kalamu chini. "Ulikuwa hujui?"

"Mkewe aliniambia asubuhi. Nikamcheka."

Daktari aliinuka, akaelekea wodini. Mchomeleaji alichomwa sindano ya kinga jioni ileile, akahamishiwa chumba cha peke yake. Wagonjwa wengine walihojiwa mmoja mmoja kama waliguswa. Mama alipigwa marufuku. Asubuhi Komeo alikuta mtu mwingine mlangoni. Yeye alipelekwa dobi, kufua mashuka ya hospitali.

Siku ya kumi na nne vilitokea vipele vitatu kifuani mwa mchomeleaji. Akatundikiwa dripu ya dawa ya virusi. Kila asubuhi Komeo alimuuliza muuguzi aliyeleta mashuka kama mapafu yameguswa, na kila asubuhi muuguzi alimjibu kwa mkato: "Bado." Vipele vikafika kumi na moja, vikakoma, vikakauka. Uboho ukaanza kuamka. Hesabu ya askari wa damu ikapanda.

Komeo alimfuata mke benchini, mikono ikinuka sabuni ya dobi.

"Mdogo wangu, nimekuja kuomba—"

"Mimi si mdogo wako." Mke hakusimama. "Ungenyamaza, angekufa, na mimi ningekutafuta mpaka nikupate. Hukunyamaza. Kwa hiyo yameishia hapo. Ila usinisalimie."

"Na mama mkwe wako?"

"Huyo namsalimia kwa sababu nalala kwake. Wewe silali kwako."

Alinyanyuka, akafuata korido kwenda kwa mumewe. Komeo alirudi dobi, ambako mashuka ya mchomeleaji yalikuwa yanangojea kuchemshwa peke yake.