Fundi wa Mbali na Mguu wa Mume Wangu

Mume wangu alinifundisha kuendesha gari kwenye maegesho ya duka moja kule Jette, hapa Brussels, Jumapili asubuhi, duka likiwa limefungwa. Alinifundisha kwa matusi. Nikichelewa kukanyaga klachi alipiga dashibodi kwa kiganja na kupiga kelele, "Freine! Funga breki, maman, utatuua!" na gari lenyewe lilikuwa likitambaa tu. Hilo ningelisamehe, maana ni mwanamke gani amefundishwa kuendesha na mumewe wakamaliza bila ugomvi? Ambalo sikulisamehe ni kwamba alilifanya hadithi. Kwa miaka sita, kila tulipokutana na marafiki zake, alisimama na kuniigiza: shingo mbele, macho yamenitoka, mikono imeng'ang'ania usukani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nilicheka nao huku nikiwapitishia sambusa, na moyoni nasema, ngoja.

Nasema mapema kwamba mimi si mtu mwema katika habari hii.

Yeye ni wa Lubumbashi, mimi ni wa Morogoro, na tulikutana hapa hapa Brussels kwenye foleni ya komuni, ofisi ya serikali ya mtaa, kila mmoja na karatasi zake zilizopungukiwa na karatasi moja. Yeye anapanga mizigo ghalani. Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika hospitali, nageuza wagonjwa vitandani na kuwaosha. Ghalani mume wangu ni mtu wa kuamrishwa na vijana waliozaliwa juzi. Lakini Jumapili, kati ya marafiki zake wenye magari, aliitwa pilote, yaani dereva wa mashindano. Hakuwa na heshima nyingine katika mji huu zaidi ya hiyo, na mimi nilijua hivyo kuliko mtu yeyote.

Aliponunua gari lenye turbo, dogo, la kijivu, lililokwisha kupita mikononi mwa watu wawili, marafiki wote wakamuuliza swali moja: repro utafanyia kwa nani? Repro kwao ni kubadilisha programu ya injini ili iongeze nguvu. Siku hizi huhitaji hata kumpelekea fundi gari. Unanunua kifaa kidogo, unakichomeka chini ya usukani, unaendesha, kifaa kinaandika kila kitu injini inachofanya, kisha unamtumia fundi faili kwa barua pepe. Fundi yuko nchi nyingine. Anasoma, anakurudishia programu mpya, unaiingiza, unaendesha tena. Hatakuona wala hatagusa gari lako.

Tulikuwa na mafundi watatu wa kuchagua. Nasema "tulikuwa" kwa sababu wawili kati yao waliandika Kiingereza, na mume wangu hajui Kiingereza, kwa hiyo barua zote zilipita kwangu. Wa kwanza aliahidi nguvu nyingi siku hiyo hiyo, bila kuuliza swali hata moja. Wa pili alikuwa Mkongomani wa upande wa Lille, ambaye aliongea kwa simu na kicheko kirefu. Wa tatu alikuwa Mfini, mtu wa Finland. Kabla ya kusema atatusaidia au hapana, Mfini aliuliza oili ilibadilishwa lini, tunatia petroli ipi, plagi zina umri gani, na mwisho kabisa: nani ataendesha wakati wa kurekodi?

"Bon, tuende na ndugu wa Lille," mume wangu akasema. "Ile ni muntu ya kwetu, hawezi kutuharibia."

"Ukiugua unamtafuta mtu wa kwenu au unamtafuta daktari?" nikamuuliza. "Huyu Mfini anauliza kama daktari. Hao wengine wanaandika dawa hata hujakaa kitini."

Alinung'unika siku mbili, kisha akakubali. Mfini nilimchagua mimi, na niliringa kwa hilo.

Maagizo yake yalikuwa mepesi. Weka gia ya tatu, kanyaga pedali mpaka chini, usiinue mguu mpaka injini ifike karibu na mstari mwekundu. Kwa gia hiyo gari letu lilikuwa lazima lipite kilomita mia moja na hamsini kwa saa, kwa hiyo tulikwenda Ujerumani, kupita Aachen, kwenye kipande cha barabara kuu kisicho na kikomo cha mwendo. Tuliondoka Jumapili alfajiri na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Faili la kwanza likatumwa. Mfini akajibu: rudia, umeinua mguu. Jumapili iliyofuata, la pili: rudia. La tatu: rudia.

"Ile kamashini iko na défaut," mume wangu akasema, akikitazama kifaa kwa chuki.

Nilifungua mafaili yote matatu mezani baada ya yeye kwenda kuoga. Ni safu za namba tu, hata mtoto anaweza kuzisoma. Safu ya pedali ilisema mia, mia, mia, arobaini, sifuri. Nikatazama safu ya mwendo mahali pale pedali ilipoanguka. Mia moja thelathini na nne. Mia moja thelathini na tatu. Mia moja thelathini na tano.

Nikajua papo hapo. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa aliwahi kunieleza, mara moja tu, jinsi kaka yake mkubwa alivyokufa. Walikuwa wawili garini, barabara ya Likasi, yeye, wa miaka kumi na tisa, akiendesha. Kaka yake alimgusa bega, akamwonyesha sindano ya mwendo, akasema, "Cent trente-cinq, petit!" yaani mia moja thelathini na tano, mdogo wangu. Mume wangu akainamisha kichwa kuitazama, na alipoinua kichwa lori la madini lilikuwa mbele yao. Hakuna mwingine aliyeambiwa habari ya ile sindano, hata mama yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mguu wa mume wangu ulishtuka wenyewe, bila kumwuliza mwenyewe. Nilifunga kompyuta. Alipotoka bafuni nilimwuliza kama anataka chai.

Jumapili ya nne, kule kule Ujerumani, alisimamisha gari kwenye kituo cha kupumzikia. Kisha akafungua mlango.

"Bon. Endesha weye, tuone."

Niliendesha. Nilikanyaga mpaka chini na sikuinua. Sikuona woga wowote, niliona raha, na nusu ya raha hiyo ilikuwa kumwona kwa pembe ya jicho amefumba macho na kushika mpini ulio juu ya mlango. Sikusikia freine hata moja. Tulipokuwa tunarudi aliniomba tulitume faili kama lake. Nikasema sawa.

Jibu la Mfini lilikuja Ijumaa usiku. Barua za sanduku lake ziliingia katika simu yangu pia, na Jumamosi nilipofika kazini niliisoma barua yake wakati wa mapumziko, nimesimama karibu na kabati la mashuka. Nikaisoma mara tatu. Jioni mume wangu alisema, "Fundi amejibu. Kesho utatusomea kule Auderghem, kwenye nyama choma, mbele ya bote." Nilishangaa, maana barua nyingine zote alitaka nimsomee nyumbani kwanza. Nikadhani ni majivuno. Nikadhani anasubiri kusifiwa kwa faili ambalo si lake, mbele ya watu wale wale walionicheka miaka sita. Nikamwambia nitasoma kwa furaha.

Mwenyeji wetu alikuwa rafiki yake mkubwa, Mrundi wa Bujumbura mwenye duka la vipuri, ambaye bustani yake inakaribia msitu. Alikuwa anageuza nyama. Wanaume wengine wanne walikuwa wamesimama na vikombe vyao. Mume wangu akaniletea kiti, jambo ambalo si kawaida yake.

"Haya shemeji, tusomee," Mrundi akasema.

Nikasoma, nikifasiri polepole ili kila mtu asikie. "Injini ni nzima. Turbo ni nzima. Faili la nne ni safi kabisa, lakini limeendeshwa na mtu mwingine. Dereva wa faili la kwanza, la pili na la tatu anaogopa. Anainua mguu kila anapofika mwendo ule ule. Programu ya nguvu zote nitamtengenezea dereva wa faili la nne."

"Na ile ya nne ni nani aliendesha?" mmoja akauliza.

"Mimi," nikasema.

Walicheka kama watu waliokuwa wakisubiri kwa miaka. Mrundi aliweka chini koleo la nyama, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akashika usukani wa hewa na kuinua mguu kana kwamba amekanyaga kaa la moto. "Pilote! Pilote ya parking!" Akarudia, na kila alivyorudia wengine walipiga mapaja. Nilimtazama akimwigiza mume wangu kama mume wangu alivyoniigiza mimi, na sitadanganya, niliona utamu. Mkuki kwa nguruwe, wanasema.

Mume wangu hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu anayesubiri.

"Ni byote?" akaniuliza.

"Ni yote."

"Hakuna mistari ingine?"

"Hakuna."

Ilikuwepo. Chini ya maneno hayo Mfini alikuwa ameandika aya nzima. Alisema asichekwe mtu huyo. Mguu unaoinuka mahali pale pale mara tatu una sababu yake, na yeye mwenyewe alikaa mwaka mzima bila kugusa usukani baada ya ajali. Alisema anaweza kutengeneza programu nyingine kwa ajili ya mguu ule, nguvu yote ikae chini, kabla ya mwendo huo, na kwamba gari la namna hiyo ndilo tamu zaidi la kuendesha kila siku, mengine ni ya kujionyesha. Niambieni, aliandika, nitengeneze ipi.

Jioni ile nilimjibu mwenyewe. Nikaandika: tengeneza ya dereva wa faili la nne.

Tangu siku hiyo hadithi ya maegesho ya Jette haikusimuliwa tena. Wala hakuna aliyemwita pilote. Walipomwita kwa lile jina jipya, pilote ya parking, alitabasamu kwa midomo tu, na Jumapili nyingine alisema amechoka, hakwenda. Programu mpya tuliiingiza. Tukitoka, ananipa ufunguo na kukaa upande wa pili, mikono juu ya mapaja. Mimi nilihesabu kwamba tumelipana.

Wiki iliyopita simu yangu iliisha chaji nikachukua yake iliyokuwa ikichajiwa jikoni, nitafsiri barua ya kazini kutoka Kiholanzi. Nilipofungua programu ya kutafsiri nikakuta orodha ya mambo aliyoyatafsiri zamani. Hayakuwa mengi. Moja lilikuwa barua ya Mfini, yote, mpaka aya ya mwisho, kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa. Ilikuwa imetafsiriwa ile Jumamosi asubuhi, wakati mimi niko kazini. Siku moja kabla ya Auderghem.

Chini yake kulikuwa na maandishi yake mwenyewe, kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, jibu ambalo hakulituma. Alimwambia Mfini asante. Alimwambia faili la nne ni la mke wake, anaendesha vizuri. Akaandika: "Kesho atawasomea marafiki zangu barua yako. Akifika kwenye aya ya mwisho nitawaeleza habari ya kaka yangu, maana peke yangu sijui pa kuanzia. Baada ya hapo nitengenezee ile ya mguu wangu."

Niliisoma nimesimama, kisha nikarudi juu nikaisoma tena. Alikuwa anaijua ile aya. Alinipa nafasi mara mbili, mbele ya watu, na mara mbili nilimwambia hakuna.

"Maman, simu imejaa?" mume wangu akauliza kutoka sebuleni.

"Imejaa," nikasema.

Akaja amevaa koti tayari, maana ilikuwa siku ya kununua vyakula. Akaitazama simu mkononi mwangu, akaichukua, akaitia mfukoni. Kisha akanipa ufunguo.